BREKI GANI KWA BAISKELI YA MFANYAKAZI?



Mtu akienda kununua baiskeli sokoni Arua au Koboko, huuliza bei, hutazama rangi, hupiga kengele na kuzungusha gurudumu. Breki huiuliza mwisho, au haiulizi kabisa. Lakini baiskeli ya mfanyakazi si ya matembezi. Asubuhi humpeleka kazini, jioni humrudisha na gunia la mihogo au jerikeni za maji. Jerikeni mbili za lita 20 ni kilo 40, mbali na uzito wa mwenyewe.

Tena barabara imebadilika. Zamani njia ya Arua hadi Koboko ilikuwa ya udongo na changarawe, nayo yenyewe ilipunguza mwendo. Katika miaka ya 2010 barabara ya kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba ilitiwa lami. Hayo ni maendeleo, lakini juu ya lami baiskeli yenye mzigo huteremka kama jiwe, na malori yaendayo Sudan Kusini yako nyuma yake. Mkumbuke kwamba mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama huzidi mara nne. Kwa hiyo tuzitazame breki moja moja.

BREKI ZA VYUMA. Hizi ndizo za baiskeli kubwa nyeusi tunazozijua tangu wazee wetu. Ukivuta mkono wa breki, fito za chuma huinua raba mbili zikabana rimu kwa upande wa ndani. Sifa yake ni kwamba hazina waya wa kukatika, na fundi yeyote chini ya mwembe anaweza kuzitengeneza kwa koleo na spana. Ubaya wake ni mvua. Rimu ya chuma ikilowa, raba huteleza, na mtu huenda mbali sana kabla ya kusimama. Kwetu mvua huzidi Agosti hadi Oktoba, basi miezi hiyo anza kubana breki mapema, polepole, ili raba ifute maji kwanza.

BREKI ZA WAYA. Hizi ziko kwenye baiskeli za kisasa zenye matairi mapana. Zinabana rimu kutoka pande mbili, na kama rimu ni ya alumini, hushika vizuri zaidi hata wakati wa mvua. Raba na waya si ghali. Lakini waya hushika kutu na kuchanika uzi mmoja mmoja. Ukiona uzi umechomoza karibu na mkono wa breki, badilisha siku hiyo hiyo. Usingoje ukatike mteremkoni.

BREKI YA KUPIGA PEDALI NYUMA. Hii imo ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, kwa hiyo mvua na matope haviiharibu. Ni nzuri kwa mwenye njia tambarare. Lakini inategemea mnyororo. Mnyororo ukichomoka, huna breki tena. Na mteremko mrefu huipasha moto hata grisi ikaungua. Anayebeba mzigo asitegemee hii peke yake. Aongeze breki ya mkono mbele.

BREKI ZA DISKI. Siku hizi zinasifiwa sana. Ni kweli hushika vizuri katika matope, maana sahani yake iko juu, mbali na tope la rimu. Lakini baiskeli ikirundikwa juu ya lori pamoja na magunia, sahani hupinda. Kabla ya kununua, nenda kwa fundi wa mtaa wako umwulize: raba za hizi unazo? Umewahi kuzifungua? Akisita, weka pesa yako mfukoni.

Sisi tunasema hivi: breki bora ni ile ambayo fundi wa karibu anaweza kuitengeneza leo, na ambayo iko mbele na nyuma. Wengi wetu huondoa breki ya mbele wakiogopa kupinduka. Mtu hupinduka akibana ya mbele peke yake kwa ghafula. Ukibana zote mbili pamoja, ya mbele inafanya kazi kubwa. Na ndala si breki: anayekanyaga tairi kwa kisigino anahatarisha mguu wake.

Sasa jambo la haki. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Uganda ya mwaka 2000 inahesabu ajali ya njiani, mfanyakazi akienda kazini au akirudi moja kwa moja, kuwa ajali ya kazi. Lakini sheria hiyo hiyo inamtaka mfanyakazi mwenyewe aonyeshe kwamba alikuwa akienda moja kwa moja. Ukipitia kilabuni kwanza, umejikatia fidia yako. Ukianguka, chukua majina ya mashahidi, pata karatasi ya hospitali, na mwarifu mwajiri bila kuchelewa. Kisha mwone mwakilishi wako wa chama.

Kamati za matawi nazo zina kazi. Mwajiri akinunua baiskeli za walinzi na wapeleka barua, kamati iulize breki zake kabla hazijalipiwa. Mpatane na fundi mmoja apite kiwandani au shambani siku ya mshahara, akague breki za wote. Raba mpya nne ni gharama ndogo sana kuliko mwezi mmoja wa kulala na mguu uliovunjika, watoto wakiwa nyumbani bila ada.

Kesho asubuhi, kabla ya kupanda, sukuma baiskeli yako hatua tano, kisha bana breki ya mbele, halafu ya nyuma. Kama gurudumu linazunguka bado, tembea kwa miguu hadi kwa fundi.