Magari Madogo, Safari Ndefu: Tumejifunza Nini Kuhusu Misaada?



Katika robo mwaka iliyopita ofisi yetu ilipokea barua kutoka kwa marafiki wa usharika mmoja wa Ulaya. Kikundi chao kinapenda kuendesha magari matatu madogo ya zamani kutoka kwao hadi Tanga, kukusanya michango njiani, na mwisho wa safari kutuachia magari hayo hapa Makorora yatumiwe na wahudumu wanaotembelea wagonjwa majumbani. Barua iliposomwa kwenye kamati, wajumbe waligawanyika. Wengine walifurahi wakasema, mgeni njoo mwenyeji apone. Wengine waliuliza nani atayatengeneza. Kwa kuwa kamati za sharika nyingine zinaweza kupokea barua kama hiyo, tumeona vema tueleze mbio za namna hii ni nini, na kwa nini tulijibu kama tulivyojibu.

Mbio hizi si ngeni kwetu

Wazee wetu wanakumbuka mbio za magari za Afrika Mashariki. Zilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 zikaitwa East African Safari. Miaka kadhaa njia hiyo ilipanda Milima ya Usambara, na mwaka 1972 mbio zilianzia Dar es Salaam. Baada ya 1974 zilibaki Kenya peke yake.

Hayakuwa mashindano ya kuzunguka uwanjani. Magari yalipita katika barabara za kawaida, usiku na mchana, kwa maelfu ya kilomita. Kwa kawaida gari lilikuwa na watu wawili: dereva, na mwenzake wa kusoma ramani na kuhesabu saa. Njiani kulikuwa na vituo vya kukagua muda, na aliyechelewa alipewa pointi za adhabu. Mwenye adhabu chache ndiye mshindi. Kwa miaka mingi mbio zilifanyika wakati wa Pasaka, yaani masika yakiwa yameanza. Kila mkazi wa mkoa wetu anajua udongo mwekundu unavyokuwa mwezi wa nne. Mwaka 1963 zaidi ya magari 80 yalianza safari, na yaliyomaliza yalikuwa 7 tu. Mwaka 1968 pia yalimaliza 7.

Kwa nini gari dogo lilishinda

Jambo la kushangaza ni kwamba katika miaka ile ya mwanzo gari lililowatia aibu wakubwa lilikuwa Volkswagen ndogo yenye mgongo wa kobe. Ilishinda mwaka 1954 ikiendeshwa na Vic Preston na D. P. Marwaha, ikashinda tena mwaka 1957, na tena mwaka 1962 ikiendeshwa na Tommy Fjastad.

Sababu zake zinaeleweka hata kwa asiye fundi. Injini ya gari lile iko nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, kwa hiyo uzito unayakandamiza kwenye tope badala ya kuyaacha yazunguke bure. Injini hupozwa kwa hewa, haina rejeta ya kuvuja wala maji ya kuchemka mlimani. Chini ya gari ni bapa, hivyo halinasi haraka kwenye mawe. Vitu vya kuharibika ni vichache, na kilichoharibika watu wawili wenye spana na jeki waliweza kukitengeneza kando ya barabara. Likizama matopeni, wanakijiji wachache walilisukuma likatoka.

Kuna mfano mwingine tunaoupenda. Mwaka 1964 kampuni ya Volvo ilileta magari yake kwenye mbio hizo, na hayakufanya vizuri. Joginder Singh wa Kenya, ambaye alikuwa fundi makanika, alinunua mojawapo ya magari yale yaliyochakaa. Alilitengeneza upya, na mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant wakashinda nalo. Gari lilikuwa lile lile lililoshindwa mwaka uliotangulia. Kilichobadilika ni kwamba sasa lilikuwa mikononi mwa mtu aliyelijua kila msumari na aliyeishi karibu nalo.

Mbio za hisani

Katika miaka ya 2000 ilizaliwa aina nyingine ya safari. Mwingereza Julian Nowill alianzisha safari ya magari chakavu kutoka Plymouth, Uingereza, hadi Afrika Magharibi, ambayo baadaye ilijulikana kwa kufika Banjul, Gambia. Sharti lilikuwa kununua gari la bei ndogo sana, lisilozidi pauni 100. Magari yakifika yalipigwa mnada na fedha zikaenda kwa vikundi vya hisani vya huko. Kwa kuwa Gambia huendesha upande wa kulia, waandaaji walitaka magari ya usukani wa kushoto, ijapokuwa safari ilianzia Uingereza ambako usukani uko kulia. Walimfikiria mtumiaji wa mwisho kabla ya kuwasha injini.

Mwaka 2004 ikaanza Mongol Rally, safari ya magari yenye injini ndogo kutoka Ulaya hadi Mongolia, ambapo kila kikundi kilitakiwa kuchangisha fedha za hisani. Mwanzoni magari yaliachwa huko yauzwe. Baadaye utaratibu ulibadilika, magari yakatakiwa yarudishwe Ulaya. Gari la zamani likiachwa ugenini bila mpango linaweza kugeuka takataka ya mwenyeji.

Gari likishafika

Hapo ndipo penye fundisho kwetu. Miaka kadhaa iliyopita ofisi yetu ilipewa gari zuri na wahisani wenye nia njema. Lilitusaidia sana mpaka pampu yake ya mafuta, inayoongozwa na vifaa vya umeme, ilipokufa. Mafundi wetu wa Tanga walifungua, wakatazama, wakafunga. Kifaa kiliagizwa ng'ambo na kilichukua miezi minne kufika. Katika miezi hiyo tulikagua visima kwa basi na bodaboda, na bima ya gari lililosimama tuliendelea kuilipa. Hatuwalaumu waliotupa. Sisi wenyewe hatukuuliza maswali mapema.

Safari hii tuliuliza. Tulipeleka majina ya magari yale matatu kwa mafundi wanne wa Makorora. Aina mbili hawakuwahi kuziona, na spea zake hawajui pa kuzipata. Aina ya tatu wanaijua, lakini walisema springi na shokomzoba zitahitaji kubadilishwa zote. Pia tulikumbushwa kwamba gari la zamani likiingizwa nchini hutozwa ushuru wa ziada kwa sababu ya uchakavu. Fedha hizo zingetoka wapi kama si katika mfuko wa wagonjwa wale wale?

Tulivyojibu

Tuliwaandikia marafiki zetu kwa heshima na bila kuficha kitu. Tuliwashukuru, kisha tukapendekeza hivi: fanyeni safari yenu huko kwenu, katika barabara mnazozijua. Kila anayewaunga mkono aahidi kiasi fulani kwa kila kilomita. Magari yabaki nyumbani, fedha zije. Nasi tukataja kitu ambacho wahudumu wetu walikiomba wenyewe walipoulizwa: baiskeli imara, na pikipiki mbili za aina ambayo kila fundi wa mtaani anaifahamu.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme safari ni ya kilomita 2,000 na waahidi ni 20. Kila mmoja akitoa shilingi 50 kwa kilomita, kila mmoja atatoa shilingi 100,000, na jumla ni shilingi 2,000,000. Mafuta, vibali na malazi wasafiri wajilipie, ili kila shilingi iliyoahidiwa kwa wagonjwa iwafikie wagonjwa.

Tunakiri kwamba jibu hili lina hatari. Mtu aliyeota kufika Tanga kwa usukani wake anaweza kuvunjika moyo, na urafiki wa miaka mingi ni mali kuliko gari. Kwa sababu hiyo tuliwakaribisha waje wenyewe, kwa njia yoyote, wakae majumbani mwetu na kutembea na wahudumu. Hadi tunapoandika makala hii hatujapata jibu.

Maswali kwa kamati

Kabla ya kupokea gari, mashine au kifaa chochote, tunaziomba kamati zijibu maswali haya na kuyaandika kwenye muhtasari:

1. Je, yupo fundi wa karibu anayekijua? Ameulizwa?
2. Spea zinapatikana Tanga, au angalau Dar es Salaam? Kwa bei gani?
3. Ushuru, usajili, bima na mafuta vitalipwa na nani, mwaka wa kwanza na wa tatu?
4. Watakaokitumia ndio waliokiomba?
5. Kikishindwa kazi, kitauzwa au kutolewa kwa utaratibu gani?

Kwa wafadhili wetu, tunawaomba msichoke na maswali yetu. Tunauliza kwa sababu tunataka zawadi yenu ifike mbali. Katika zile mbio za zamani, magari mengi yenye nguvu yaliachwa kando ya barabara, na madogo yaliyotengenezeka njiani yakafika. Muhudumu wa Makorora anayekwenda kumwosha mgonjwa saa kumi na mbili asubuhi anahitaji chombo kitakachomfikisha leo, na kesho kutwa pia.