Saratani ya mlango wa kizazi si ugonjwa wa wahuni

Wasikilizaji, juma lililopita nilikuwa soko la Mwanjelwa, Mbeya. Mama mmoja muuza viazi aliposikia natayarisha mazungumzo juu ya saratani ya mlango wa kizazi alinikatiza. "Baba, mambo hayo ya wahuni sisi yanatuhusu nini?"

Yanatuhusu sana. Karibu saratani zote za aina hii chanzo chake ni virusi vya papiloma, kwa kifupi HPV. Kweli, huenezwa kwa kujamiiana. Lakini vimeenea mno, hata mke wa mume mmoja huvipata. Sisi wanaume tunavibeba bila dalili yoyote, kisha ndio wa kwanza kumnyooshea mke kidole.

Mara nyingi mwili huvifukuza wenyewe katika miaka miwili. Balaa ni vile vinavyobaki, hasa aina ya 16 na ya 18, zinazosababisha kama asilimia 70 ya saratani hizi. Vikijikita katika chembechembe za mlango wa kizazi, hutengeneza protini zinazoharibu breki za chembechembe hizo, zikaanza kuzaana ovyo. Aliyewahi kuteremka Kitonga anajua lori lisilo na breki huanza polepole. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, mteremko huo huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye VVU asiyetibiwa, ni miaka 5 hadi 10 tu.

Hapo ndipo ninapopata hofu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulikuta zaidi ya asilimia 11 ya watu wazima wa Iringa wana VVU, na Mbeya zaidi ya 9. Mwanamke mwenye VVU hatari yake ya saratani hii ni kama mara sita ya mwenzake.

Chanjo ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Kwa mama zao upo uchunguzi. Muuguzi hupaka siki, palipoharibika hugeuka peupe, na mara nyingi tiba mgando hutolewa siku hiyo hiyo.

Mama wa Mwanjelwa alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama siki hiyo inauma.

"Inachoma kidogo tu, mama," nikamjibu, kama wauguzi walivyonieleza.