Mizani au kizingiti? Haki za wapenzi wa jinsia moja na uchaguzi wa mgombea

Katika zoezi moja la tafsiri, nilipewa neno la siasa ya Marekani linalomtaja mtu anayechagua mgombea kwa kuangalia suala moja tu. Niliandika "mpiga kura wa jambo moja", na mfano wangu ukawa haki za wapenzi wa jinsia moja. Mwenzetu mmoja akasema: "Watu wana njaa, wewe unatuletea mambo ya mashoga?" Darasa likacheka. Mmoja hakucheka; aliinamisha kichwa mpaka mwisho wa kipindi. Tangu hapo naona swali lile lilistahili jibu kuliko kicheko.

Kwanza neno. Huko pwani, "shoga" ni jina ambalo mwanamke humwita rafiki yake wa kike. Maana ya mwanamume apendaye wanaume ndiyo iliyoenea zaidi, tena mara nyingi pamoja na dharau. Anayetumia neno la dharau amekwisha kuegemea mizani kabla ya kupima.

Sasa mfano. Tarehe 4 Novemba 2008, wapiga kura wa California walijibu maswali mawili siku moja. Barack Obama alipata takriban asilimia 61 ya kura zao. Siku hiyo hiyo, asilimia 52 walikubali Pendekezo la 8, lililozuia ndoa za jinsia moja, ingawa Obama alilipinga. Hapo tunajifunza kwamba kura ya maoni huuliza jambo moja, lakini kura ya mgombea ni furushi: ndani yake mna uchumi, vita, shule na haki, na huwezi kutoa kimoja ukaacha vingine.

Basi furushi hupimwaje? Naona maswali matatu.

La kwanza: wagombea wanatofautiana kweli? Mwaka 2008 Obama na John McCain wote walisema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke. Aliyetazama neno "ndoa" peke yake hakuona tofauti. Lakini McCain aliliunga mkono Pendekezo la 8, na Obama aliahidi kuondoa sheria iliyowakataza wanajeshi hao kujitambulisha. Desemba 2010 alitia saini ya kuifuta.

La pili: mgombea ana uwezo gani juu ya jambo hilo? Ndoa za jinsia moja ziliruhusiwa Marekani nzima mwaka 2015 kwa uamuzi wa Mahakama Kuu. Rais hakuamua, lakini rais ndiye anayependekeza majaji, na Seneti huwathibitisha. Uwezo wake hupita mlango wa nyuma.

La tatu: nani atalipa gharama? Kwangu suala laweza kuwa moja kati ya kumi. Kwa mtu anayeweza kuzuiwa kumwona mwenzi wake hospitalini, ni maisha yenyewe.

Hapo ndipo wengine huacha mizani. Kwao suala hili ni kizingiti: mgombea asiyekivuka haingii ndani, hata akileta unga wa bei nafuu. Kizingiti hicho kipo pande zote mbili, maana hata muumini anayeona ndoa hizo ni dhambi huweza kumkataa mgombea kwa sababu hiyo tu. Hatuwezi kumwita mmoja mtu wa msimamo na mwingine mtu wa ushupavu.

Kwetu Kongo, ibara ya 40 ya Katiba ya 2006 inataja haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia tofauti, na mimi sijasikia mgombea akiulizwa zaidi ya hapo. Njaa ni nzito, sikatai. Ila mwenye njaa na yule aliyeinamisha kichwa wanaweza kuwa mtu mmoja. Mizani iliyomwacha nje haijapima njaa yake pia.