Simba, Cheka na Mwakinyo kwenye mzani mmoja

Kijiwe cha kahawa cha karibu na stesheni ya zamani ya Ngerengere kina kesi moja isiyofungwa: mabondia Cheka na Mwakinyo wangekutana, nani angelala? Vijana wanaoshuka kwenye treni ya SGR wako upande wa Hassan Mwakinyo, mtoto wa Tanga. Watu wa makamo hawataki hata kusikia. Francis Cheka, maarufu SMG, ni wa kwetu Morogoro, na mtu wa kwenu humtoi kwa mgeni hivi hivi. Juzi wakamgeukia mstaafu mmoja wa jeshi, ambaye hapa kwetu penye kambi kila mtu humwita afande hata akiwa amevaa kanzu.

"Afande, tuamulie wewe."

"Kwa uzito gani?" akauliza, huku anapuliza kahawa yake.

Hakuna aliyekuwa na jibu. Mwakinyo jina lake alilijenga katika uzito unaokomea kilo 69.85. Cheka alitwaa mkanda wa dunia wa WBF katika uzito unaokomea kilo 76.2, tarehe 30 Agosti 2013, pale Diamond Jubilee, Dar es Salaam, alipomshinda Mmarekani Phil Williams kwa pointi. Tofauti yao ni pakiti tatu za sembe za kilo mbili mbili na kidogo juu yake. Ukizibeba kutoka dukani unaona si kitu. Zigeuze sasa ziwe nyama ya bega na mgongo nyuma ya kila konde, raundi 12, ndipo utajua kwa nini mabondia hupimwa kabla ya kupigana.

Kwa hiyo mmoja lazima amfuate mwenzake. Cheka akishuka, anaukausha mwili na kupanda ulingoni miguu imekwisha. Mwakinyo akipanda, anaacha nyuma kasi, na kasi ndiyo mali yake.

Swali la pili la afande lilikuwa fupi zaidi: "Cheka wa mwaka gani?" Cheka alizaliwa 1982, Mwakinyo 1995. Enzi mbili zikikutanishwa kweli ulingoni, huwa tunaona nini? Tulishaona. Cheka alipigana na Rashid Matumla, Snake Man, aliyezaliwa 1968, akamshinda. Wapo mpaka leo wanaolileta pambano hilo kama ushahidi kwamba Cheka alikuwa bondia bora kuliko Matumla. Mimi naona limetuambia habari za miaka 14 iliyokuwa kati yao, basi. Matumla wa miaka ya tisini hakuwemo ukumbini.

Wengine hukimbilia hesabu ya kuruka: fulani kampiga fulani, aliyempiga fulani, basi angempiga na yule. Septemba 2018 Mwakinyo alikwenda Birmingham akamsimamisha Sam Eggington raundi ya pili, kwao, mbele ya watu wake. Cheka naye alikwenda Uingereza mwaka 2008 na kushindwa kwa pointi na Matthew Macklin. Haya, Mwakinyo mkubwa. Lakini Septemba 2022 Mwakinyo huyo huyo alikwenda Liverpool, na pambano lake na Liam Smith likaishia raundi ya nne, akishindwa. Cheka mkubwa sasa? Hesabu hiyo ukiifuata hadi mwisho inakurudisha ulipoanzia.

Iliwahi kuvunjika vibaya zaidi, tena si mbali na sisi. Joe Frazier alimshinda Muhammad Ali mwaka 1971. Ken Norton naye akamshinda Ali 1973. George Foreman aliwachukua Frazier na Norton wote wawili, kila mmoja kwa raundi mbili tu. Kwa hesabu ya kuruka, Ali hakuwa na sababu ya kupanda ndege kwenda Kinshasa kukutana na Foreman. Tarehe 30 Oktoba 1974 alijiegemeza kwenye kamba, akamwacha Foreman ajichoshe, akamwangusha raundi ya nane. Frazier aliliingia konde la Foreman kifua mbele. Ali alilikwepa, na lile lililomfikia alilipokea mikononi na mbavuni. Mtindo wa mmoja ni dawa ya huyu na sumu ya yule, jambo ambalo orodha ya ushindi na vipigo haikuonyeshi.

Mashine nayo ilishajaribiwa. Mwaka 1969 Ali na Rocky Marciano, aliyekuwa amestaafu zamani, waliigiza pambano mbele ya kamera ili kompyuta itoe mshindi. Filamu ilipotoka Januari 1970, Marciano akiwa ameshafariki, Wamarekani walionyeshwa Marciano akishinda raundi ya 13, na Ulaya wakaonyeshwa Ali akishinda. Kompyuta nayo kumbe ina ushabiki.

Afande alipomaliza kikombe cha pili akataja jina ambalo vijana hawakulitambua: Titus Simba. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, Simba alifika fainali ya uzito wa kati, kilo 75, akashindwa na John Conteh wa Uingereza na kurudi na medali ya fedha. Conteh huyo ndiye aliyetwaa mkanda wa dunia wa WBC Oktoba 1974, mwezi ule ule wa Kinshasa.

Simba na Cheka karibu walingane kwa kilo. Hapo tatizo ni kanuni. Simba alipigana ngumi za ridhaa: raundi tatu, na bondia wa raundi tatu hana muda wa kumsoma mtu, anaanza kuhesabiwa makonde tangu kengele ya kwanza. Cheka ni wa ngumi za kulipwa, mtu wa kujilimbikizia pointi taratibu na kukubana mbele ya safari. Raundi tatu, nampa Simba. Raundi 12, nampa Cheka bila kusita, maana sijui bondia wa ridhaa ambaye pumzi yake ilipangwa kwa dakika tisa akafikishwa 36.

Na ile kesi yenyewe? Kilo 76, Cheka kwa pointi. Kilo 70, Mwakinyo, ila awe yule wa Birmingham.

Kushinda pambano la kufikirika ni jambo moja, ukubwa ni jingine. Ukubwa naupima kwa nani ulisimama naye, wapi, na kwa ajili ya nini. Mkanda wa Cheka si wa mojawapo ya vyama vinne vikubwa, na ushindi mkubwa wa Mwakinyo ni wa usiku mmoja, ingawa usiku wenyewe ulikuwa mtamu. Simba alifika fainali na mtu aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, akiwa amevaa fulana ya taifa. Wangu wa kwanza ni Simba. Kati ya watu tisa tuliokuwa kijiweni siku ile, afande peke yake ndiye aliyekuwa akilijua jina lake.