Hela Moja, Watu Wawili: Kompyuta Yenu ya Kwanza ya Kujiunganishia Wenyewe

Wapo wanandoa wanaogombana kwa sababu ya simu. Wapo wanaogombana kwa sababu ya mawifi na mashemeji. Mimi na mume wangu tuliwahi kununiana siku mbili nzima, salamu zinapitia kwa mtoto, na chanzo chake kilikuwa pawa saplai. Kwa asiyeijua, ni kile kiboksi cha chuma kinachokaa ndani ya kompyuta ya mezani na kuugeuza umeme wa ukutani uwe umeme mdogo unaotumiwa na vifaa vingine.

Usicheke, mpenzi msomaji. Siku hizi vijana wengi wanaoanza maisha wanataka kompyuta ya maana nyumbani. Mmoja anasoma shahada ya pili jioni, mwingine anapiga picha za harusi wikiendi. Laptopu yenye nguvu inauzwa bei ya kutisha, na ikizeeka inazeeka yote. Kompyuta ya mezani unaweza kuijenga kipande kwa kipande, ikachoka sehemu moja ukabadilisha hiyo tu. Tatizo ni kwamba ukifika Kariakoo unakutana na majina kibao, kila muuzaji anasifia chake, na hela mfukoni ni ile ile moja ya watu wawili.

Sisi mwaka 2024 tulikuwa na shilingi milioni 2. Tulizikusanya kwa miezi kumi, na Januari ilikuwa inakuja na ada ya chekechea. Maana yake hakukuwa na nafasi ya kununua mara mbili. Haya ndiyo niliyojifunza, na nakupa bila chenga.

Kwanza jiulizeni: ya kazi gani?

Kabla hamjataja jina la kifaa chochote, kila mmoja aandike kwenye karatasi yake kazi tatu atakazofanya na hiyo kompyuta. Msiandike "iwe nzuri" wala "iwe na spidi". Andikeni kazi. Mimi niliandika kupanga kurasa za gazeti, kuhariri picha na kuandika. Mume wangu aliandika kuhariri video za harusi, kutunza mafaili makubwa na gemu.

Tulipoweka karatasi pamoja, kazi zinazoingiza hela zikapewa kipaumbele, gemu likasubiri. Hakuna aliyeshindwa wala aliyeshinda, karatasi iliamua.

Prosesa na mazabodi, ndoa ya kwanza

Prosesa ndiyo ubongo. Mazabodi ni ule ubao mkubwa ambao kila kitu kinachomekwa juu yake. Hivi viwili lazima vioane, la sivyo hela imepotea. Prosesa za AMD za Ryzen 5000 hukaa kwenye soketi inayoitwa AM4. Za Intel za kizazi cha 12 hadi cha 14 hukaa kwenye LGA 1700. Huwezi kuchomeka ya huku kule hata ukibembeleza.

Kwa bajeti ya kwanza, jambo la kuangalia ni hili: je, prosesa ina grafiki za ndani? Ryzen 5 5600G, iliyotoka 2021, inazo. Ina kori 6 na inaweza kuonyesha picha kwenye skrini bila kadi ya grafiki. Ndugu yake Ryzen 5 5600, bila ile herufi G, hana. Kwa upande wa Intel, prosesa inayoishia na herufi F haina grafiki za ndani. Ukinunua hiyo bila kadi, unafika nyumbani, unawasha, skrini nyeusi tii, unadhani umeuziwa feki kumbe kifaa ni kizima.

Sisi tulichukua 5600G. Tulikubaliana kadi ya grafiki itanunuliwa baadaye, kwa hela ya harusi atakazozirekodi.

Na hapo kuna mtego mwingine. Mazabodi za AM4 zimekuwepo tangu 2016, na zile za zamani huenda zisiitambue prosesa mpya mpaka programu yake ya ndani, BIOS, isasishwe. Muulize muuzaji awashe mbele yako, prosesa yako ikiwa imechomekwa. Akikataa, asante, duka la jirani lipo.

RAM na SSD, mahali pa kutokuwa bahili

RAM ni meza ya kufanyia kazi, SSD ni kabati la kutunzia. Meza ndogo, kazi zinabanana. Kwa leo GB 8 inabana, GB 16 inatosha kwa wengi, na anayehariri video nyingi afikirie GB 32 mbeleni.

Kama unatumia grafiki za ndani, nunua vijiti viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha GB 16. Grafiki za ndani hazina RAM yao, zinaazima ya kompyuta, na vijiti viwili vikifanya kazi pamoja njia inakuwa pana. Ndiyo maana tulichagua mazabodi yenye nafasi nne za RAM. Viwili tulijaza, viwili tukaacha kwa ajili ya kesho.

Angalia pia aina. DDR4 na DDR5 haziingiliani, hata kikato chake hakikai sehemu moja. AM4 inatumia DDR4. Soketi mpya ya AMD, AM5, inatumia DDR5 tu. LGA 1700 ipo ya aina zote mbili, kwa hiyo soma boksi la mazabodi.

Kuhusu SSD, tofauti unaiona kwa macho. Hadidiski ya kizamani inasoma kama MB 150 kwa sekunde, SSD ya SATA kama 550, na ya NVMe ya kawaida inaweza kufika 3,500. Kama hela ni kidogo, weka SSD ya GB 500 kwa ajili ya mfumo na kazi za leo, kisha hadidiski ya bei poa kwa kutunzia video zilizokwisha.

Neno la tahadhari: kuanzia mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipanda kwa kasi duniani, kwa sababu viwanda vinakimbilia kuhudumia vituo vikubwa vya data vya akili bandia. Kwa hiyo usije ukaibeba bei yetu ya 2024 ukaenda nayo dukani. Ulizia upya, na usishangae RAM ikila sehemu kubwa kuliko ilivyokula kwetu.

Pawa saplai, hapa ndipo tuliponuniana

Mume wangu alitaka kadi ya grafiki hapo hapo. Alikuwa amepiga hesabu: tukichukua pawa saplai ya bei ya kutupa, ile nyepesi kama boksi la chaki, na tukiachana na UPS, inapatikana kadi ya mtumba. Nikamwuliza, "Baba Nurdin, tuna malipo ya awali ya maharusi watatu. Hicho kiboksi kikilipuka na video za watu, nani ataenda kuwaeleza?" Akasema naogopa bure. Nikasema sawa, basi na ada nayo tuibahatishe. Hapo ndipo ukimya ulipoanza.

Siku ya tatu akaja na daftari. Alikuwa ameenda kwa fundi mmoja anayemwamini, akaonyeshwa rundo la mazabodi zilizoungua, nyingi zikiwa zimeuawa na pawa saplai za ovyo. Tukapiga hesabu upya pamoja. Prosesa yetu imepangiwa wati 65. Kadi aliyokuwa anaitamani, Radeon RX 6600, inatumia kama wati 132. Ukijumlisha na vingine, kompyuta nzima ikifanya kazi kwa nguvu haifiki hata wati 300. Kwa hiyo pawa saplai ya wati 550, ya kampuni inayojulikana na yenye alama ya 80 Plus, inatosha leo na itatosha siku kadi itakapokuja.

Mwache muuzaji akuambie wati 1,000 kwa bei ya chai. Maandishi kwenye stika hayana gharama. Angalia uzito, angalia waranti, angalia jina.

Na ukichukua ya mtumba, geuza nyuma. Baadhi zina kiswichi chekundu chenye 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Ikiwa imetoka Marekani na kiswichi kipo kwenye 115, ukichomeka tu, moshi.

Tuliigawaje milioni 2?

Huu ni mfano wetu wa kugawa, bei za kwako utazikuta kwako:

Prosesa 400,000
Mazabodi 300,000
RAM GB 16: 250,000
SSD ya NVMe 200,000
Pawa saplai 200,000
Kasha lenye feni 120,000
Skrini ya mtumba 280,000
UPS 180,000
Kibodi na kipanya 40,000

Jumla 1,970,000. Elfu thelathini iliyobaki ilikwenda kwenye bajaji na chipsi kuku.

Umeona skrini na UPS? Ndivyo vinavyosahaulika. Mtu anamaliza hela yote kwenye kasha lenye taa za rangi rangi, halafu hana pa kutazamia. UPS nayo, kwa huku kwetu ambako umeme unaweza kukatika ukiwa katikati ya kazi, si anasa. Ila elewa namba zake: UPS ya VA 650 mara nyingi hubeba wati 360 hadi 390 tu, na kwa dakika chache. Kazi yake ni kukupa muda wa kuhifadhi na kuzima, si kumalizia filamu. Printa ya leza usiichomeke humo.

Mtumba, feki na risiti

Vya mtumba si vibaya. Skrini, kasha, kibodi, hata prosesa, ukiviona vikiwaka mbele yako, chukua. Prosesa haichakai kirahisi. SSD ya mtumba mimi siitaki, kwa sababu ina kikomo cha kuandikwa na hujui aliyetangulia aliiandika mara ngapi.

Kuna pia njia ya kununua kompyuta nzima ya ofisini iliyotumika, ukaongeza SSD na RAM. Kwa mwenye nusu ya bajeti yetu ni njia ya heshima kabisa. Ila ujue Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 au Ryzen 2000 kwenda juu, pamoja na TPM 2.0. Nyingi za bei chee haziko humo. Ukiipenda hivyo hivyo, Ubuntu ni ya bure, na kwa kuandika, intaneti na masomo inakutosha.

Dai risiti ya EFD, na muuzaji akuandikie muda wa waranti. Duka moja lilitupa neno la mdomo tu: "Dada, ikizingua nirudishie." Tuliaga kwa adabu tukaenda kwingine.

Siku ya kuunganisha

Mnahitaji bisibisi ya nyota, meza safi na subira. Gusa chuma cha kasha mara kwa mara kutoa umeme tuli mwilini. Prosesa za AM4 zina vijipini vingi chini yake, usiiminye. Ina pembetatu ndogo ya dhahabu, ioanishe na ya kwenye soketi, na itaingia yenyewe. Kisha RAM mpaka isikike "kla", SSD, feni ya prosesa, halafu mazabodi ndani ya kasha. Waya wa skrini uchomeke kwenye mazabodi, kama kadi bado hamna. Pawa saplai usiifungue kamwe hata ikiwa haijachomekwa, ndani inaweza kubaki na umeme.

Sisi ilituchukua masaa manne. Mmoja alisoma kijitabu, mwingine alishika bisibisi, tukabadilishana.

Kabla hamjatoka nyumbani

Ushauri wangu wa mwisho si wa kiufundi. Andikeni orodha ya vifaa pamoja na kiwango cha juu mtakacholipa kwa kila kimoja, wote wawili muweke saini, na mwende dukani wote. Muuzaji akianza kusifia kitu kisichokuwemo, yule aliyetulia amwonyeshe mwenzake karatasi. Na kiasi kitakachobaki, hata kama ni elfu kumi, muamue mapema kitakwenda wapi. Fedha iliyojadiliwa haileti kinyongo. Kadi ya grafiki ya mume wangu ilikuja miezi saba baadaye, ikalipiwa na harusi ya watu wa Tabata, na kila aliyekaa kwenye kile kiti, mimi nikiwemo na gemu langu la magari, aliifurahia.