Jina la Gesima Mezani pa Msomaji wa Habari

Utangulizi

Televisheni ilianza nchini Kenya mwaka 1962. Tangu siku hizo wasomaji wa habari wamelaumiwa mara kwa mara kwa kuboronga majina ya mahali na upatanisho wa sarufi. Lawama hizo ni za haki, lakini hazitoshi. Msomaji hasemi maneno yake mwenyewe. Husema yale anayoletewa na vyombo vilivyo mezani pake. Makala hii inakusudia kuvieleza vyombo hivyo na kuonyesha jinsi vinavyoigusa lugha. Mfano wetu mkuu ni jina la Gesima, wadi iliyomo katika eneo bunge la Kitutu Masaba, Kaunti ya Nyamira.

1. Teleprompta

Chombo hiki kilibuniwa Marekani mnamo mwaka 1950. Hapo mwanzo maandishi yalipigwa katika bunda la karatasi lililozungushwa kwa mota. Siku hizi kiwambo hulazwa chini ya kamera kikielekea juu, na mbele ya lenzi huwekwa kioo kilichoinamishwa kwa nyuzi 45. Kioo hicho huakisi maandishi machoni pa msomaji, na papo hapo huipitisha taswira yake hadi ndani ya lenzi. Kwa kuwa kioo hugeuza, maandishi katika kiwambo huonyeshwa kinyume ili yasomeke sawasawa.

Mstari wa teleprompta hubeba maneno machache, na kwa wakati mmoja mistari michache tu huonekana. Hapa ndipo Kiswahili kinapopata taabu. Neno moja kama "hawatashirikishwa" lina silabi 7 na laweza kuujaza mstari mzima. Basi kuupima urefu wa habari kwa idadi ya maneno, kama ifanywavyo kwa Kiingereza, hakufai. Yafaa tuhesabu silabi.

Taabu ya pili ni tarakimu. Tuchukue sentensi hii: "Kati ya madawati yaliyoletwa wiki iliyopita katika shule hiyo, 8 yamevunjika." Msomaji afikapo kwenye 8, neno "madawati" limekwisha kupanda na kutoweka. Je, aseme "nane", "wanane" au "manane"? Tarakimu haina kiambishi cha ngeli. Kwa hiyo idadi zinazopatanishwa, yaani moja hadi tano na nane, ziandikwe kwa maneno. Sita, saba, tisa na kumi hazina shida hiyo.

2. Saa

Mbele ya msomaji huwapo saa inayoonyesha 7:00 au 19:00, naye hana budi kusema "saa moja usiku". Jicho husoma hesabu moja, ulimi hutaja nyingine. Kosa la aina hii halitokani na ujinga wa lugha, bali na mifumo miwili ya kuhesabu saa inayokutana katika sekunde moja.

3. Kipaza sauti na kisikilizi

Kipaza sauti cha siku hizi ni kidogo mno, nacho hubanwa kwenye vazi kifuani. Jina lake lina kasoro: chombo hiki hakipazi chochote, bali huipokea sauti na kuigeuza kuwa umeme. Kinachopaza ni spika, nayo pia huitwa kipaza sauti. Hata hivyo jina limekwisha kukubaliwa, na matumizi yana nguvu kuliko mantiki.

Kisikilizi cha sikioni humletea msomaji maagizo ya mtayarishaji wakati yeye mwenyewe anasema. Msomaji basi husoma sentensi moja huku akisikia nyingine. Ndiyo sababu sentensi ndefu zenye vishazi vingi humponyoka.

4. Karatasi

Karatasi za habari zingali mezani, maana teleprompta huweza kukwama. Tena zina faida nyingine: zinakubali alama za kalamu. Hapa twarudi Gesima.

Kwa umbo, ge- ya jina hili yafanana na ile ya neno la Ekegusii "egesaku", yaani ukoo. Kiambishi hicho ni ndugu wa ki- ya Kiswahili katika "kipaza" na "kisikilizi". Katika Ekegusii, k ya kiambishi eke- huwa g inapofuatwa na shina linaloanza kwa konsonanti isiyo ghuna. Aidha, g ya Ekegusii hutamkwa kama kikwamizo. Irabu ni saba ingawa herufi zake ni tano. Na toni haziandikwi. Mengi ya hayo hayaonekani katika herufi sita za "Gesima".

Hatumdai msomaji wa Kiswahili atamke kama Mgusii. Twamdai mambo mawili: g isigeuzwe j kwa mazoea ya Kiingereza, na mkazo ukae kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: Ge-SI-ma. Mkazo huo waweza kutiwa mstari kwa kalamu, au kuandikwa kwa herufi kubwa katika teleprompta.

Hitimisho

Mkazi wa Gesima akisikia kwao kukiitwa "Jesima" hujiona mgeni katika habari zake mwenyewe. Mhariri akigawa silabi za majina, akiandika idadi kwa maneno na kufupisha sentensi, kosa hilo litazuiwa kabla halijafika mezani. Idara zetu za lugha nazo zaweza kusaidia kwa kuandaa orodha za majina ya mahali pamoja na matamshi yake, zikianza na wasemaji wenyewe.