Mng'aro wa Sakafu: Somo la Nta, Msuguano na Moto

Kila Jumamosi asubuhi, katika nyumba nyingi na katika mabweni ya shule, kazi moja hurudiwa: sakafu ya saruji hufagiwa, hupigwa deki, hupakwa dawa, kisha husuguliwa kwa brashi na kipande cha blanketi kuukuu mpaka ing'are. Wanafunzi wengi huiona kazi hiyo kuwa ni adhabu. Hata hivyo, ndani yake mna fizikia na kemia ya kutosha kwa vipindi kadhaa vya darasani. Mna pia jambo moja ambalo, lisipojulikana, laweza kuunguza nyumba na waliomo.

Kwa nini sakafu hung'aa?

Wengi hudhani kwamba mng'aro hutokana na wingi wa dawa. Sivyo. Miali ya mwanga inayoangukia uso laini huakisiwa kwa mpango, kama ilivyo katika kioo. Uso wenye vishimo na vinundu huitawanya miali hiyo pande zote, nao huonekana umefifia. Urefu wa mawimbi ya mwanga tunaouona ni kati ya sehemu 4 na sehemu 7 za elfu kumi za milimita moja. Kwa hiyo hata mikwaruzo isiyohisiwa na kidole hutosha kuupunguza mng'aro.

Kazi ya nta ni kuvijaza vishimo hivyo. Tabaka jembamba latosha. Nta ikizidi hunasa vumbi, huweka alama za nyayo na kuifanya sakafu iteleze. Nao wanaoumia zaidi kwa kuteleza ni wazee.

Ndani ya kopo la dawa

Dawa ya sakafu ya kawaida ni nta iliyochanganywa na kiyeyushi kitokanacho na petroli. Kiyeyushi huilainisha nta ili ipakike, kisha hugeuka mvuke na kuiacha nta sakafuni. Tunaposugua, msuguano huzalisha joto kidogo, nalo huisaidia nta kutandazika. Nta si za aina moja: nta ya mshumaa huyeyuka kwa joto la nyuzi 50 hadi 60 hivi za Selsiasi, nta ya nyuki kwa nyuzi 62 hadi 64, na nta ya karnauba, itokayo katika majani ya mti wa jamii ya mnazi uotao Brazili, kwa zaidi ya nyuzi 80. Karnauba ni ngumu, na mng'aro wake hudumu.

Mashine hufanya nini?

Nilipokuwa masomoni ng'ambo, nilifanya kazi ya jioni ya kung'arisha ujia wa jengo kwa mashine ya umeme. Siku ya kwanza ilinivuta hadi ukutani. Nguvu zangu hazikusaidia kitu. Nilichokosa ni fizikia.

Chini ya mashine hiyo mna brashi ya duara, ambayo kwa kawaida, ukiitazama kutoka juu, huzunguka kinyume cha mwendo wa saa. Ukiushusha mkono wa mashine, brashi hukandamizwa zaidi upande ulio karibu nawe. Hapo msuguano huongezeka, nayo mashine huenda kushoto. Ukiuinua mkono, upande wa mbele hukandamizwa, nayo huenda kulia. Mwendeshaji hodari hashindani na mashine. Huinua na kushusha mkono kidogo tu. Lakini kanuni ya mng'aro ni ileile ya blanketi. Mashine huongeza kasi na usawa wa kazi, basi.

Hatari iliyo jikoni

Wako watu ambao, ili kupunguza gharama, huyeyusha vipande vya mishumaa jikoni na kuvichanganya na mafuta ya taa. Tuzitazame namba. Mvuke wa mafuta ya taa waweza kushika moto mafuta yakifikia nyuzi 38 hivi au zaidi kidogo. Nta ya mshumaa haiyeyuki mpaka ifikie nyuzi 50. Maana yake ni kwamba nta inapokuwa tayari kuchanganywa, mafuta yanayomiminwa humo hupata joto la kutosha kutoa mvuke unaowaka, na moto uko hapo hapo. Petroli ni mbaya zaidi: mvuke wake huwaka hata katika baridi kali. Mvuke huu ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko. Moto ukizuka katika sufuria, usiumwagie maji. Ufunike kwa mfuniko na kuzima jiko kama yawezekana.

Njia ya salama ni kutumia dawa iliyotengenezwa kiwandani, kupaka kidogo, kufungua madirisha, kuweka mbali jiko na sigara, na kungoja kiyeyushi kikauke kabla ya kuwasha mashine, kwa kuwa mota yaweza kutoa cheche.

Jaribio la darasani

Vuta kipande cha ubao juu ya saruji kavu kwa mizani ya springi, uandike kipimo. Paka nta kidogo, sugua, uvute tena. Kisha paka nta nyingi bila kusugua, urudie. Linganisha vipimo vitatu, na katika kila hatua tazama jinsi mwanga wa dirishani unavyoakisiwa. Wanafunzi wataona wenyewe kama mng'aro umetoka katika kopo au katika mikono yao.